Kikapu Hakitoki Kitupu

Mama yangu alilima kabichi, na kabichi zake ziliozea kwenye simu. Dalali alikuja shambani na lori, akapakia, akasema, "Mama, mali kauli. Nikishauza nakuletea chako." Mama alikubali, kwa sababu kabichi iliyokomaa haimsubiri mtu atafute mnunuzi mwingine. Siku mbili tatu zikipita, simu inalia. Mzigo umeoza, mama. Lori lilizimika Mombo, jua likaupiga. Au soko la Dar limejaa, tumetupa jalalani. Hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyewahi kuziona hizo kabichi zilizooza. Ziliondoka kwetu zikiwa ngumu, tukasikia zimeoza, na mwenye lori hakukosa hata mara moja mafuta ya kurudi kupakia nyingine.

Huku milimani mashamba yetu yamepandana. Mvua ikinyesha, kila mwenye shamba huchimba mfereji wa kuyatoa maji kwake, na mfereji wa kila mtu unamwagia jirani wa chini. Wa mwisho, kule bondeni, hana wa kumwagia. Hasara nayo hushuka hivyo hivyo. Mama yangu alikuwa wa bondeni maisha yake yote, na alikufa akiwa na deni la mbolea ya kabichi walizokula wengine.

Kwa hiyo nilipoanza kuuza vitu vya watu, nilijiapiza kwamba mali kauli haitatoka mdomoni mwangu. Kama ni mali, nitailipa. Kama ni kauli, mtu akae nayo.

Nina duka la steshenari mjini Lushoto, si mbali na stendi: fotokopi, picha za pasipoti, kuchapa maombi ya kazi ya vijana ambao hizo kazi hawazipati. Kwenye kaunta nilikuwa na kikapu cha katani cha kuwekea bahasha, alichonisukia shangazi yangu, dada yake baba, anayeishi Vuga. Siku moja mtalii aliingia kuchapisha tiketi yake ya ndege, akakiona, akakitaka. Nikamwambia hakiuzwi. Akataja bei. Nikamwaga bahasha.

Baada ya hapo nilijiunga na soko moja la mtandaoni la huko nje. Mtu analipa kwa kadi akiwa amelala kitandani kwake, wenye soko wanakata chao, kinachobaki kinaingia kwenye akaunti yangu. Siku ya kujiunga waliniletea masharti ambayo mtu akiyasoma yote atakuta watoto wamekua, na chini kabisa kisanduku cha kuweka alama kwamba nimeyasoma na nimekubali. Niliweka alama. Na wewe ungeweka.

Shangazi ndiye aliyekuwa mkuu wa wasukaji. Katani waliinunua Mazinde, kule chini kwenye mkonge, wakaipandisha kwa mafungu na kuichemsha na rangi nyuma ya ukumbi wa usharika wao. Kikapu kikikamilika, shangazi alikigeuza juu chini akakikalia. Kikilalamika, alikifumua mbele ya aliyekisuka bila kumwonea haya, awe mke wa mwinjilisti au nani. Kikinyamaza, kilikuja kwangu.

Mimi nilinunua kwao nikauza kwa bei yangu. Faida yangu, hasara yangu. Niliwaambia hivyo ukumbini, nao wakanisikiliza kwa nyuso za watu ambao nao waliwahi kulima kabichi. Nikawaambia pia kwamba biashara ya kadi haina maneno ya madalali. Mteja wa ng'ambo hana namba yenu, hawezi kuwapigia akasema mzigo umeoza. Hela ikishaingia, imeingia. Shangazi alilipenda sana neno hilo. Akawa analirudia kwa wenzake kwa Kishambaa kila mmoja wao alipoonyesha wasiwasi, na kadiri alivyolirudia ndivyo lilivyozidi kuwa ahadi.

Na tulikwenda vizuri, siwezi kusema uongo. Kikapu kimoja hapa, viwili pale. Vilinifikia dukani kimoja kimoja, navyo kila mara vilikuja na fundo la kitambaa ndani yake, na ndani ya fundo maharage ya kujaa kiganja. Nilijua ni shangazi anamfikiria mtoto wa kaka yake. Niliyakusanya kwenye kopo, yakitosha napika. Yalikuwa maharage mazuri, ya kuiva upesi, yasiyohitaji nazi wala maneno mengi. Vikapu nikavifunga kwenye mifuko na kuvituma.

Ndipo akaja yule mama mwenye duka la vitu vya nyumbani huko ng'ambo. Aliagiza mzigo ambao wanawake wa Vuga waliusuka msimu mzima wa mvua. Aliniandikia ujumbe umejaa alama za mioyo. Alisema mikono ya kina mama wale ni baraka kwa dunia. Akalipa kwa kadi, yote kwa mkupuo, nikaiona hela inaingia kwenye akaunti yangu kwa macho yangu mawili. Niliitoa, nikapanda Vuga, nikamlipa kila mmoja mkononi kabla kikapu hata kimoja hakijaondoka. Mmoja aliezeka jiko. Wengine walilipa ada za watoto. Shangazi alinunua ndama jike, akampa jina langu, nikajifanya nimechukia.

Kwa kuwa dukani kwangu pasingetosha, mzigo ulifungiwa ukumbini Vuga. Wanawake walipanga vikapu, vidogo ndani ya vikubwa, mimi nikaja nyuma yao nabandika utepe wa gundi na kuandika makasha. Kwenye fomu ya usafirishaji nilijaza: vikapu vya katani. Nikatia sahihi kwamba humo ndani hamna kingine. Makasha yakashuka Mombo kwa gari la kukodi, yakapanda basi la Dar, na kampuni ya usafirishaji ikanitumia ujumbe kwamba yamepaa.

Miezi ikapita. Yule mama akauliza mzigo uko wapi, nikamjibu uko njiani. Akauliza tena, mara hii bila mioyo. Halafu akanyamaza, nikafikiri umemfikia.

Nilikuwa nalaminisha cheti cha mtu ujumbe ulipoingia. Mteja ameyakana yale malipo. Benki yake imemrudishia hela yake yote, na hiyo yote imechukuliwa kutoka kwangu, pamoja na faini ya usumbufu. Kwenye akaunti yangu sokoni kulikuwa na alama ya kutoa mbele ya tarakimu, kitu ambacho sikujua kama akaunti inaweza kufanya. Cheti cha yule mtu kikaungulia kwenye mashine. Nikamlipa kwa kumchapishia kingine, maana ndiyo siku yenyewe ya kulipa watu.

Nilivaa nguo ya kanisani nikaenda benki. Aliyenipokea alikuwa kijana mpole, amekabwa na tai. Aliniambia kadi si ya kwao na soko si la kwao, lakini angeweza kunieleza linavyokwenda. Mwenye kadi analindwa na benki yake. Akisema hakuona mzigo, anarudishiwa hata baada ya miezi. Benki yake haipati hasara, inachukua kwa kampuni inayopitisha malipo. Kampuni hiyo nayo haipati hasara, inachukua kwa soko. Soko halipati hasara, linachukua kwangu, kwa idhini ya ile alama niliyoiweka kwenye kisanduku.

"Na mimi nachukua kwa nani?" nikamuuliza.

Akaangalia kibodi yake. "Dada, muuzaji ni wewe. Kwenye utaratibu wao hakuna mtu baada yako."

Alikuwa anasema kweli kama alivyofundishwa. Hakujua kwamba baada yangu kuna Vuga. Mimi nilijua, na nilipokuwa narudi dukani niliuona ule mfereji wazi kabisa, umechimbwa toka huko ng'ambo, umepita kwa wakubwa wote wakiwa wamesimama pakavu, umeishia mlangoni kwangu. Jembe lilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kupanda Vuga nikawaambia wanawake wale maneno matano tu ambayo wanayafahamu: samahani mama zangu, mzigo umeoza. Wangenirudishia. Wangeuza mbuzi, wangeng'oa bati la jiko, wangemuuza ndama mwenye jina langu, wangenirudishia, kwa sababu ndivyo walivyozoea. Hilo ndilo lililoniuma kuliko hela yenyewe. Niliwachukia wote wa juu yangu kwa kunisogezea jembe lile.

Nilipeleka ushahidi wangu sokoni: risiti za usafirishaji, picha za makasha, ujumbe wa mioyo. Wakati nasubiri, kampuni ya usafirishaji ikafuatilia ikaleta jibu. Makasha yalifika. Yamezuiwa forodhani huko kwa sababu ndani yamekutwa mbegu ambazo hazikutajwa. Soko lilipolipata jibu hilo halikuchelewa. Kilichofungwa ndani ni jukumu la muuzaji. Shauri limefungwa.

Mbegu. Nilikaa nikijiuliza mbegu gani. Katani haina mbegu ya kumtisha mtu. Nikapanda Vuga nimebeba hasira nzima nzima, nikitaka kujua nani katika wale wanawake amechezea mzigo wangu.

Shangazi nilimkuta uani anamkatia ndama majani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu." Akanisogezea kigoda, na kabla sijakikalia akauliza, uso umemng'aa, "Yule mama wa vikapu, maharage alipika?"

Nikakaa.

Hakuhitaji kuulizwa, alikuwa na hamu ya kueleza. Kikapu kipya hakitoki kwa msukaji kikiwa kitupu. Mama yake alimfundisha hivyo na yeye amewafundisha wenzake. Ukimpa mtu chombo kitupu unamwombea njaa. Kwa mzigo ule mkubwa kila mwanamke alileta maharage ya shamba lake, yaliyochaguliwa punje kwa punje, wakafunga mafundo, wakayalaza chini kabisa kwenye vikapu vidogo. Hata yale aliyokuwa akinipelekea dukani siku zote, akasema, si yalikuwa ya wenye vikapu? Alitumaini nilikuwa nawafikishia.

Muda wote ule nilikuwa nakula maharage ya wateja. Na kwa sababu nilikuwa nayala, mizigo ilifika. Siku yalipokwenda kwa wenyewe ndiyo siku tuliyoharibikiwa. Ningekuwa mtu wa kucheka ningecheka pale uani mpaka ndama akimbie.

Hasira yangu haikuwa na pa kwenda. Ningemwambia nini mtu huyu? Kwamba ukarimu wake umekamatwa forodhani? Kwamba kuna nchi ambako maharage ya baraka yanaogopwa na vikapu vinatakiwa? Alikuwa ananiangalia, ameshika majani ya ndama, anangoja.

"Alipika, shangazi," nikasema. "Alisema ni matamu."

"Nilijua," akasema. "Safari ijayo tutaongeza."

Nikateremka. Uamuzi nilikuwa nimeufanya bila kuufikiria: hasara ile ingekauka kwangu. Zile hela nilizokuwa naweka za kununua mashine mpya ya fotokopi zikaenda, na hazikutosha. Mpaka deni liishe soko limenifungia, siwezi kuonyesha hata kikapu kimoja. Kwa hiyo kila ukurasa ninaotoa kwa mwalimu anayekuja na mitihani yake, sehemu yake inavuka bahari kumlipia mtu ambaye hakuwahi kukosa kitu. Dawa ya deni kulipa, wanasema. Hawasemi dawa ya deni lisilo lako.

Ungedhani yameishia hapo. Mimi nilidhani hivyo. Siku moja, kwa kujitesa tu, nikafungua ukurasa wa duka la yule mama. Vikapu vilikuwa pale. Vyetu. Vimepangwa kwenye rafu nyeupe, kila kimoja na mmea wake ndani, na ile mistari ya zambarau ambayo hakuna anayeisuka isipokuwa shangazi, kwa sababu ndiyo rangi aliyobakiwa nayo siku waliponunua pungufu. Forodha walikuwa wameyatupa maharage wakaachia vikapu, baada ya hela kuwa imekwisharudi. Mtu mmoja alikuwa ameuliza chini ya picha bei yake, na yule mama akamtajia. Sitaitaja mimi.

Nilimwandikia kwa adabu zote. Akanijibu kwa upole, mioyo imerudi, kwamba anaelewa maumivu yangu, lakini mambo ya malipo ni ya benki, yeye hapendi kuyaingilia. Nikawapelekea soko ile picha. Wakanikumbusha kwamba shauri lilifungwa. Mimi si mtu wa kulia, lakini siku ile nilimfokea mteja aliyekuja kununua kalamu, maskini wa Mungu, akaenda kununua kwa jirani na hajarudi mpaka leo.

Huko Vuga nako kulikuwa kumeanza maneno. Oda haiji. Niliulizwa mara ya kwanza nikasema biashara imepoa, mara ya pili nikasema tuombe uzima. Mtu anayelipa kabla hajauza, halafu ghafla hanunui tena, anafikiriwa nini? Walisema nimepata wasukaji wengine wa bei rahisi. Walisema nimeshiba. Nilizisikia habari hizo kupitia kwa wateja wa fotokopi, na sikuweza kujitetea bila kumtaja mtu mmoja ambaye sikutaka kumtaja. Shukrani ya punda, nikajisemea, ingawa nilijua fika kwamba punda hapo si wao.

Siku ya gulio shangazi akaja dukani. Hakuwa mtu wa kuja mjini bila sababu. Magoti yake hayakupenda kona za barabara ya kutokea Soni. Nilimwamkia, akaitikia, akaweka juu ya kaunta kikapu kipya, chenye mistari ile ile ya zambarau. Akasema amenisukia cha kuwekea bahasha, kwa sababu anakumbuka cha kwanza nilikiuza. Kisha akasema wenzake wanamsema. Yeye ndiye aliyewaapia kwamba mtoto wa kaka yake hana maneno ya madalali, na sasa kila Jumapili baada ya ibada anaulizwa mtoto wa kaka yake yuko wapi.

"Niambie kweli," akasema. "Kama umetuchoka, niambie mimi, nijue cha kuwajibu."

Nilitafuta uongo mwingine nikaukosa. Nikamwonyesha picha kwenye simu, nikamweleza kwa Kishambaa, pole pole, toka mwanzo. Kadi, benki, forodha, mafundo. Alisikiliza kama anavyosikiliza kikapu alichokikalia. Sehemu ya benki aliielewa upesi kuliko mimi nilivyoielewa, akatikisa kichwa tu, maana hakuna jipya la kumweleza mkulima wa kabichi kuhusu maji yanayoshuka. Sehemu ya maharage ndiyo aliyotaka niirudie.

"Waliyatupa?"

"Waliyatupa, shangazi."

"Na wewe ukasema alipika."

Akauliza deni limebaki kiasi gani, nikakataa kumwambia. Akasema yule ndama sasa ni mtamba, ana mimba, atanunulika. Nikamwambia akimuuza sitaingia tena nyumbani kwake. Mashine ya fotokopi ilikuwa ikivuma, na mtu aliyekuwa mlangoni na vyeti vyake akaona heri arudi baadaye.

Basi nikafikiri yamekwisha, nimemlinda. Akanyanyuka kwa kushika kaunta, akajifunga vizuri khanga ya mabegani. Halafu akaingiza mkono ndani ya kile kikapu kipya, akatoa fundo. Alilishika kidogo mkononi, akalitia kwenye mkoba wake.

"Nisije nikakutia hasara nyingine," akasema.

Nilimwita, nikamwambia shangazi, mimi niko hapa hapa, kwangu hakuna forodha. Hakugeuka. Nilimtazama mpaka alipokata kona ya kwenda stendi. Kikapu kipo kwenye kaunta mpaka leo. Bahasha ninaziweka pembeni.